Majibu ya Kaswende Yasiwe Mwisho wa Kupima

Kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende ni kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani. Muuguzi anatoboa kidole, anadondoshea tone la damu kwenye kitundu, anaongeza kimiminika chake, kisha anasubiri dakika 15 hadi 20. Kwenye kidirisha kuna nafasi ya mistari mitatu: mmoja unaonyesha kwamba kipimo chenyewe ni kizima, mmoja ni wa VVU na mmoja ni wa kaswende. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha ubora wa kipimo cha namna hii mwaka 2015, na mwaka 2019 likashauri kitumike kuwa kipimo cha kwanza kwa mama mjamzito anapoanza kliniki. Kwa nchi zetu hiyo ni hatua kubwa, na waliohangaika kukifikisha mpaka zahanati za vijijini wanastahili shukrani za dhati. Lakini tazama kinachofuata pale mstari wa kaswende unapojitokeza. Mgonjwa anachomwa sindano ya penisilini, anaambiwa amlete mwenza wake, majibu yanaandikwa kwenye kadi, na anaitwa anayefuata kwenye foleni. Ugonjwa umeonekana na umetibiwa, basi tunahesabu kwamba kazi imekwisha. Nasema haijaisha. Mstari ule ni ishara kwamba huyu ndiye mtu tunayepaswa kumchunguza zaidi ya wote waliokaa kwenye benchi siku hiyo.

Aliyekutwa na kaswende ametupa taarifa kubwa kuliko jina la ugonjwa wake. Ametuambia kwamba wakati fulani alikutana kimwili, bila kinga, na mtu mwenye maambukizi, na kwamba mtu huyo naye aliyapata kwa mwingine. Njia iliyopitisha bakteria wa kaswende ndiyo hiyohiyo wanayopitia bakteria wa kisonono na wa klamidia, kijidudu cha trikomonasi, VVU, virusi vya homa ya ini aina ya B na virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Fundi akikuta mchwa kwenye fremu ya mlango mmoja hafungi mkoba wake mpaka amegonga na fremu nyingine zote. Ninachodai ni utaratibu wa namna hiyo: kila mtu mzima anayekutwa na kaswende apimwe VVU na homa ya ini B papo hapo, na kama kaswende yake ni ya karibuni, au ni mjamzito, au ni kijana, apimwe pia kisonono, klamidia na trikomonasi, hata kama hasikii maumivu popote.

Historia ya tiba ina kisa kinachoonyesha gharama ya kuona ugonjwa mmoja mahali palipo na miwili. Mwaka 1767, jijini London, daktari wa upasuaji John Hunter alichukua usaha wa mgonjwa wa kisonono akaupandikiza kwenye uume. Wanahistoria bado wanabishana kama alijipandikiza mwenyewe au alimpandikiza mtu mwingine. Aliyepandikizwa alianza na dalili za kisonono, zikafuata za kaswende. Hunter akahitimisha kwamba huo ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili, akaandika hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1786, na kwa heshima aliyokuwa nayo, watu wengi wa fani yake waliamini vivyo hivyo kwa miongo kadhaa. Ilibidi kusubiri mwaka 1838, Mfaransa Philippe Ricord alipoyatenganisha magonjwa hayo mawili kwa majaribio yake. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba mgonjwa yule aliyetolewa usaha alikuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Bakteria wa kisonono alitambuliwa na Albert Neisser mwaka 1879, na wa kaswende akaonekana Berlin mwaka 1905 kwa kazi ya Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann. Sisi hatuna kisingizio cha Hunter. Tunajua kwamba ni vimelea tofauti, tuna vipimo vya kila kimoja, lakini tunapotibu kimoja bila kukitafuta cha pili, mgonjwa anarudi nyumbani na ugonjwa uleule ambao angerudi nao karne ya 18.

Takwimu zinaonyesha jinsi utafutaji wetu ulivyoelemea upande mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne ya ngono yanayotibika: trikomonasi milioni 156, klamidia milioni 129, kisonono milioni 82 na kaswende milioni 7.1. Kwa kila maambukizi mapya ya kaswende, kulikuwa na zaidi ya 18 ya klamidia. Yaani katika hayo manne, tunaloliwinda kwa bidii kliniki ni lile lililo adimu kuliko yote. Sababu zake ni za haki: kaswende huua watoto tumboni, kipimo chake ni cha bei nafuu, na tiba yake ni ya uhakika. Tena inazidi kupanda. Makadirio ya mwaka 2022 yalifikia milioni 8, ilhali lengo la dunia ni kupunguza maambukizi mapya kwa asilimia 90 ifikapo 2030. Sidai hata kidogo kwamba tuitafute kaswende kwa nguvu ndogo. Nadai kwamba tukishaipata, tusifumbie macho yale mengine ambayo ni mengi zaidi.

Na tukiyasubiri yajitangaze yenyewe, tutasubiri sana. Kidonda cha kaswende hakiumi, hupona chenyewe ndani ya wiki chache, na kwa mwanamke mara nyingi hukaa ndani asikione. Klamidia kwa wanawake walio wengi haitoi dalili yoyote, na karibu nusu ya wanawake wenye kisonono nao hawajui kwamba wanacho. Wanaume tumezoea kuambiwa kwamba kisonono hakifichiki, kwamba usaha na maumivu ya kukojoa lazima vimpeleke mtu hospitali. Utafiti uliofanywa vijijini mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kinyume: wanaume wengi waliokutwa na kisonono au klamidia hawakuwa na dalili zozote. Huku ukimya ukiendelea, bakteria hawa hupanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mirija ya uzazi, wakaacha makovu. Mwanamke atakuja kulijua jambo hilo miaka baadaye, kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi au kwa utasa ambao familia nzima itamlaumu yeye peke yake.

Hapa kuna dhana inayohitaji kuvunjwa waziwazi, kwa sababu imeenea kwa wagonjwa na hata kwa baadhi ya watumishi wa afya: kwamba sindano ya kaswende, kwa ukubwa wake na maumivu yake, inasafisha kila kitu. Dozi yake ni uniti milioni 2.4 za penisilini aina ya benzathini, dawa nzito ambayo kwa kawaida hugawanywa ichomwe makalio yote mawili. Kazi yake ni kuachia dawa polepole kwenye damu, kwa kiwango kidogo, kwa wiki kadhaa. Hilo linamfaa sana bakteria wa kaswende, ambaye hujigawa taratibu, mara moja kwa zaidi ya siku nzima, na ambaye mpaka leo hajaonyesha usugu dhidi ya penisilini. Lakini kiwango hicho kidogo hakimfanyi chochote bakteria wa kisonono, ambaye amekwisha kuzoea penisilini miaka mingi iliyopita na leo anahitaji sindano ya seftriaksoni. Klamidia nayo haiponi kwa sindano hiyo. Dawa yake ni doksisaiklini ya siku 7, au azithromaisini kwa mjamzito. Kwa hiyo mgonjwa aliyetibiwa kaswende barabara, kwa dozi sahihi, anaweza kuondoka na kisonono na klamidia zikiwa kama zilivyokuwa, na kibaya zaidi akiamini kwamba amepona kabisa. Imani hiyo humfanya arudi kwa mwenza wake bila kinga.

Kuhusu VVU ushahidi ni mwingi, na sehemu kubwa ulitoka kwetu. Mwaka 1989 watafiti waliofuatilia wanaume waliohudhuria kliniki ya magonjwa ya ngono Nairobi walichapisha matokeo yaliyobadilisha fikra za dunia: wenye vidonda sehemu za siri walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata VVU. Vidonda vingi vya wakati ule vilikuwa vya pangusa, si vya kaswende, lakini namna vinavyofanya kazi inafanana. Kidonda hufungua ngozi, na pale kinapokuwa hukusanyika chembe za kinga zilezile ambazo VVU huzishambulia. Upande wa pili, utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 1997 ulipima wanaume wenye VVU waliokuwa na uvimbe wa njia ya mkojo. Virusi katika shahawa zao vilikuwa mara 8 ya wale wasio na uvimbe huo, na vilishuka baada ya kutibiwa kisonono. Tuyaunganishe hayo mawili. Mtu mwenye kaswende ambaye hana VVU yuko kwenye mlango wa kuvipata. Mtu mwenye kaswende ambaye ana VVU na hajaanza dawa, akiwa na kisonono juu yake, anaambukiza kwa urahisi zaidi. Kumpima mgonjwa huyo jambo moja tu ni kuacha nusu ya hatari mezani.

Miongozo yetu ya kitaifa tayari inataka kila mgonjwa wa magonjwa ya ngono apimwe VVU, na hapo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kinachotokea majibu ya VVU yanaposoma hasi. Vipimo vya haraka vya kingamwili vinaweza kuchukua hadi miezi mitatu kuonyesha maambukizi mapya, na kidonda cha kaswende hujitokeza kwa wastani wiki tatu baada ya kuambukizwa. Aliyepata vyote viwili usiku mmoja anaweza kuwa na kaswende inayoonekana na VVU visivyoonekana bado. Kumpongeza na kumruhusu aende, bila tarehe ya kurudi, ni hatari. Tena mtu huyo ndiye anayefaa kuelezwa kuhusu dawa kinga za VVU, zile anazomeza mtu asiye na maambukizi ili asiyapate, ambazo Kenya ilianza kuzitoa kwa upana mwaka 2017. Tunatafuta kwa tochi watu walio kwenye hatari ili tuwape dawa hizo, kumbe kuna mmoja amekaa mbele yetu na majibu ya kaswende mkononi.

Anayezijua tafiti za ukanda huu atanikumbusha Rakai, na ana haki. Mwaka 1995 jaribio la Mwanza lilionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono kwenye vituo vya afya na zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia ilishangilia. Kisha mwaka 1999 yakaja matokeo ya Rakai, Uganda, ambako watu walipewa dawa za magonjwa ya ngono majumbani, wote kwa pamoja, kila baada ya miezi 10, na maambukizi ya VVU hayakupungua. Tangu hapo wengi wamehitimisha kwamba kuhangaika na magonjwa haya hakusaidii. Hitimisho hilo linabeba zaidi ya ushahidi wenyewe. Mwanza huduma ilikuwepo kila siku kwa anayeumwa. Rakai dawa zilipita mara moja, na aliyeambukizwa tena mwezi uliofuata alisubiri duru nyingine. Mlipuko wa VVU Rakai pia ulikuwa umekomaa zaidi kuliko wa Mwanza. Lakini hata tukikubali matokeo ya Rakai bila kupunguza neno, hayagusi hoja yangu. Rakai waliuliza kama kutibu kijiji kizima kwa mkupuo kunazuia VVU. Mimi nauliza kama mgonjwa mmoja, ambaye damu yake imekwisha kusema kwamba aliambukizwa, ana haki ya kujua ana nini kingine. Kuokoa mirija ya uzazi ya binti wa miaka 19 ni faida inayotosha yenyewe, hata kama takwimu za VVU za wilaya hazitashuka.

Kwa wajawazito suala hili linauma zaidi. Utafiti mwingine wa Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, uliwachunguza wanawake waliofika kujifungua na kukuta kwamba miongoni mwa wenye kaswende kali ambao hawakutibiwa, mmoja kati ya wanne alijifungua mtoto mfu. Na kwamba katika wanawake ambao hawakupimwa, karibu nusu ya watoto waliozaliwa wafu walikufa kwa sababu ya kaswende ya mama. Watafiti walewale walionyesha kwamba dozi moja ya penisilini ilitosha kuifuta hatari hiyo. Ni nadra kukuta katika tiba sindano moja yenye thamani kama ile. Sasa fikiria mama aliyeokolewa na sindano hiyo, lakini ana klamidia ambayo hakuna aliyeitafuta. Mtoto wake, aliyenusurika kaswende, anapita kwenye njia ya uzazi yenye bakteria wanaosababisha ugonjwa wa macho na homa ya mapafu ya watoto wachanga. Kama ni kisonono, macho yanaweza kuharibika kwa siku chache. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini wanayopakwa watoto baada ya kuzaliwa yanasaidia kuzuia ugonjwa wa macho, ila mapafu hayalindwi nayo, wala mama hatibiwi kwayo.

Pingamizi zito zaidi linatoka Papua New Guinea. Huko lilifanyika jaribio kubwa, matokeo yake yakatoka mwaka 2024, la kuwapima na kuwatibu wajawazito klamidia, kisonono na trikomonasi papo hapo kliniki. Kwa ujumla halikupunguza idadi ya watoto njiti na wa uzito mdogo kama ilivyotarajiwa. Nimelitafakari jambo hilo kwa uzito wake, na naamini linatufundisha kiasi: tusiahidi kwamba kupima kila mjamzito kila ugonjwa kutabadilisha takwimu za uzazi za nchi. Hata hivyo jaribio lile lilihusu wajawazito wote, na kipimo chake cha mafanikio kilikuwa uzito na wiki za mimba. Hapa nazungumzia kundi dogo, wale waliokwisha kukutwa na kaswende, na faida ninazozihesabu ni pamoja na macho na mapafu ya mtoto, mirija ya mama, na mwenza ambaye asingetibiwa. Pingamizi linapunguza ukubwa wa dai langu, haliliondoi.

Kuna wanaosema kwamba tayari tuna utaratibu wa kutibu kwa dalili, na unatosha. Utaratibu huo uliletwa kwa nia njema, kwa sababu maabara hazikuwepo: anayetokwa na usaha apewe dawa za kisonono na klamidia kwa pamoja, mwenye kidonda apewe za kaswende na pangusa, na mwenza atibiwe. Kwa mwanaume anayetokwa na usaha unafanya kazi vizuri mpaka leo. Tatizo ni kwamba unaanza na malalamiko, na mgonjwa wetu wa kaswende hana malalamiko. Amekutwa na ugonjwa kwa sababu alikuja kliniki ya uzazi, au kuchangia damu, au kupimwa VVU. Kwa wanawake wenye uchafu ukeni ndiyo kabisa, utaratibu huo unawapa dawa wengi wasio na maambukizi na kuwaruka wengi walio nayo. Dawa zinazotolewa kwa kubahatisha zina gharama. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walieleza mwanzoni mwa miaka ya 2010 jinsi kisonono kilivyogeuka sugu dhidi ya siprofloksasini kwa muda mfupi. Ndiyo maana siungi mkono jibu jepesi la kumpa kila mwenye kaswende furushi la antibiotiki ili tuwe salama. Apimwe, atibiwe kwa kile alicho nacho, na seftriaksoni tuliyobaki nayo tuitunze.

Basi tuje kwenye fedha, maana ndiko mjadala huu huishia kwenye vikao. Ni kweli kwamba kipimo cha klamidia na kisonono kinachotegemewa ni cha vinasaba, na bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya kile kipande cha plastiki cha VVU na kaswende. Lakini mashine tunazo tayari. Mashine za GeneXpert zilizosambazwa kwenye hospitali zetu kwa ajili ya kifua kikuu zinaweza kupima klamidia na kisonono kwa kubadilisha kartriji tu, na majibu hutoka kwa muda wa kama dakika 90. Mwanaume anatoa mkojo, mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba. Zahanati isiyo na mashine inaweza kutuma sampuli kwa njia ileile inayosafirisha makohozi kila wiki. Kinachokosekana ni kartriji kwenye orodha ya manunuzi na maelekezo ya nani apimwe. Na hapo ndipo kuanza na wagonjwa wa kaswende kunapookoa fedha, kwa sababu ni wachache na uwezekano wa kukuta kitu kwao ni mkubwa kuliko kwa mtu aliyeokotwa tu kwenye foleni.

Hata kundi hilo linahitaji kuchujwa kwa akili. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili ambazo hubaki mwilini hata baada ya kupona, mara nyingi maisha yote. Bibi wa miaka 65 aliyetibiwa zamani, au aliyeugua buba utotoni, atatoa mstari uleule anaoutoa kijana aliyeambukizwa mwezi uliopita. Kumtafutia bibi huyo klamidia ni kupoteza kartriji na kumvunjia heshima. Palipo na maabara, kipimo cha RPR, kinachopima kiwango cha kingamwili kwenye damu, husaidia kutofautisha: kiwango cha juu kama 1:32 kinaashiria ugonjwa unaoendelea, wakati 1:2 kwa mtu aliyekwisha kutibiwa mara nyingi ni kovu la zamani. Kipimo hichohicho kirudiwe baada ya miezi 6 na 12 kuona kama kiwango kimeshuka mara nne. Mganga anayeuliza umri, historia ya matibabu na ya wenza wa miezi ya karibuni, kisha akasoma RPR, atajua sampuli ya nani ipelekwe na nani aachwe.

Homa ya ini B na HPV nitazigusa kwa ufupi, kwa kuwa mambo yake hayana utata mwingi. Chanjo ya homa ya ini B kwa watoto ilianza Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga hiyo. Asiye na maambukizi achanjwe. Aliye nayo afuatiliwe ini lake. Mwanamke wa umri unaostahili achunguzwe mlango wa kizazi, hasa akiwa na VVU, kwa kuwa hatari yake ya saratani hiyo ni mara 6 ya mwanamke asiye navyo.

Limebaki pingamizi ambalo halina uhusiano na fedha wala mashine, na ndilo linalonigusa kuliko yote. Mwanamke anayerudi nyumbani na karatasi ya kaswende tayari yuko mashakani. Akirudi na kaswende, klamidia na kisonono, si tutamzidishia kipigo na talaka? Hofu hiyo ina msingi, na anayeipuuza hajui yanayotokea ndani ya nyumba za watu. Lakini kumficha mgonjwa ugonjwa wake hakumlindi; mirija ya uzazi inaharibika na lawama ya utasa inamfuata palepale. Kinachomlinda ni maneno anayopewa pamoja na majibu. Kaswende inaweza kulala mwilini miaka mingi, na klamidia miezi mingi, bila mtu kujua. Kwa hiyo hakuna kipimo chochote kati ya hivi kinachoweza kusema nani alianza, lini, wala kwamba mtu ametoka nje ya ndoa mwaka huu. Mnasihi awaambie hivyo wenza wote wawili, kwa kauli nyepesi, mlango ukiwa umefungwa. Mgonjwa aulizwe kabla ya kupimwa, na akikataa asinyimwe sindano yake. Akiwa na hofu ya mwenza, kituo kimwite mwenza huyo kwa njia isiyotaja aliyepimwa kwanza. Mwenza naye apimwe mwenyewe badala ya kutumiwa vidonge kwenye bahasha, kwani hatujui ana nini ambacho mwenzake hana.

Wanaoandaa bajeti za dawa na vitendanishi za halmashauri na kaunti wana nafasi ya kulianza hili mwaka huu, bila kusubiri mradi wa wafadhili: waweke kartriji za klamidia na kisonono kwa hesabu ya wagonjwa wa kaswende waliosajiliwa mwaka uliopita, pamoja na vipimo vya homa ya ini B. Na wewe msomaji, ukiambiwa una kaswende, kubali sindano, kisha usinyanyuke kwenye kiti mpaka umeuliza: VVU nimepimwa leo? Homa ya ini B je? Sampuli ya kisonono na klamidia itapelekwa wapi? Mwenza wangu aje lini? Ukishajibiwa, mwombe muuguzi aandike kwenye kadi tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, na tarehe hiyo ikifika, nenda.